Maswali ya Wasomaji: Pitaya Mezani na Kiwanjani

Tangu ukurasa wetu wa matunda ulipoigusia pitaya kwa mistari michache katika toleo lililopita, barua zimemiminika kuliko zile tulizowahi kupokea kuhusu parachichi au maracuja, matunda ambayo kila nyumba ya Goma inayafahamu. Baadhi ya wasomaji huliita tunda la joka kwa sababu ya magamba yake. Sisi tutaendelea kusema pitaya, kama wasemavyo wauzaji wa hapa mjini. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Nilinunua pitaya moja kubwa, nyekundu nje na nyeupe ndani, kwa fedha ambazo zingenipatia beseni la mapera. Nilipoikata nikaona uzuri wa kupendeza, lakini mdomoni ilikuwa maji matupu yenye mbegu. Je, nimedanganywa? – Mama wa Himbi, Goma

Hukudanganywa, Mama, ila mambo mawili yalikukuta kwa pamoja. La kwanza ni aina. Pitaya ni tunda la mmea wa jamii ya kakti unaotambaa na kupanda juu ya miti na miamba, na asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Wafaransa waliipeleka Vietnam katika karne ya 19, na kutoka Asia ndipo ilipoenea sokoni kote duniani. Aina zinazouzwa kwa wingi ni tatu. Ile uliyoinunua, yenye ganda jekundu na nyama nyeupe, ndiyo inayolimwa zaidi kwa sababu huzaa sana, hustahimili safari na huvutia macho. Ladha yake, hata ikiiva vizuri, ni ya upole. Yenye ganda jekundu na nyama nyekundu iliyokolea huwa na ladha nzito kidogo. Ya tatu ina ganda la manjano lenye miiba ambayo hupanguswa kabla ya kuuzwa, nyama yake ni nyeupe, umbo lake ni dogo, na ndiyo tamu kupita zote: ukipima sukari katika juisi ya pitaya nyeupe ya kawaida utapata kiasi cha 11 hadi 13 kwa mia, lakini ya manjano hufika 18 na pengine kuzidi. Jihadhari tu, kwani ipo pia pitaya ya manjano isiyo na miiba, yenye magamba mapana kama ya ile nyekundu. Hiyo ni ndugu wa nyeupe ya kawaida kwa asili na kwa ladha, na haistahili kulipiwa bei ya ile ya miiba.

La pili ni wakati wa kuchuma. Parachichi lililochumwa likiwa gumu hulainika nyumbani, na ndizi mbichi huiva ndani ya gunia, lakini pitaya ikishakatwa kwenye shina lake haiongezi utamu hata kidogo. Mkulima anayeituma mbali huichuma mapema ili isiharibike njiani, na anayeila mwisho wa safari ndiye anayelipia haraka hiyo. Unaponunua, tazama rangi ya ganda iwe imeenea pande zote bila mabaka ya kijani mwilini mwa tunda, ncha za magamba ziwe zimeanza kunyauka kidogo, na ukibonyeza kwa kidole gumba liitikie bila kubonyea. Likiwa gumu kama jiwe, liache pale pale. Likiwa na madoa ya kahawia yenye majimaji, liache pia. Ukilipata zuri, liweke mahali penye ubaridi saa kadhaa kabla ya kulila, kwa maana pitaya ya vuguvugu haina ladha hata ikiwa bora.

Je, mbegu zake nyeusi humezwa au hutemwa? Na ganda? – Mwanafunzi wa Mabanga, Goma

Mbegu humezwa, hazina sumu, na ni ndogo kiasi kwamba kuzitema ni kupoteza nusu ya tunda. Zina mafuta mazuri, ingawa usipozitafuna hupita tumboni zikiwa nzima. Ganda haliliwi hivi hivi, kwa kuwa ni chungu kidogo na mara nyingi limepuliziwa dawa, lakini viwandani hukamuliwa rangi na pektini, ile inayogandisha jamu. Pitaya ya manjano, kijana, usiile nyingi kwa wakati mmoja ukiwa na mtihani kesho yake, kwani hulegeza tumbo upesi.

Binti yangu wa miaka minne alikula pitaya nyekundu ya ndani jioni, na asubuhi mkojo wake ulikuwa wa rangi ya waridi. Nilimkimbiza kituo cha afya nikilia. Muuguzi alicheka, lakini hakunieleza. – Mama wa Katindo, Goma

Muuguzi angefanya vyema kukueleza, Mama, kwa kuwa hofu yako ilikuwa ya haki. Rangi ya pitaya nyekundu inatokana na kundi la rangi liitwalo betalaini, ambalo ndilo linalolitia wekundu tunda hili, kiazi chekundu tukiitacho beterave, na hata majani ya lengalenga nyekundu. Katika miili ya baadhi ya watu sehemu ya rangi hiyo hupita bila kuvunjwavunjwa, ikatoka katika mkojo au choo, na jambo hilo halina madhara yoyote. Ndani ya siku moja au mbili huisha lenyewe. Mtu yule yule anaweza kuipata leo na kuikosa wiki ijayo.

Hata hivyo usiizoee rangi hiyo kupita kiasi. Mkojo mwekundu kwa mtoto ambaye hakula pitaya, beterave wala kitu kingine cha rangi, au mkojo mwekundu unaoambatana na homa, maumivu au uvimbe wa uso na miguu, au unaoendelea baada ya siku mbili, unahitaji kipimo cha maabara siku hiyo hiyo. Ukifika kituoni, sema mapema mtoto alikula nini. Itamwokolea mtaalamu muda, nawe pesa.

Nina mimba ya miezi mitano na nimeambiwa damu yangu ni kidogo. Muuzaji mmoja katika soko la Virunga alinihakikishia kwamba pitaya nyekundu huongeza damu, kwa hiyo ninanunua moja kila siku ingawa inanifilisi. Nimeanza kuchoka. – Dada wa Ndosho, Goma

Dada, acha kujifilisi. Wekundu wa tunda hauhusiani na damu, kama tulivyoeleza hapo juu: ni rangi ya mmea, wala si madini ya chuma. Chuma kilichomo katika pitaya ni kidogo, na hata kile kidogo ni cha aina ya mimea, ambayo mwili huifyonza kwa shida. Mama mjamzito aliyepungukiwa na damu hatibiwi kwa tunda lolote, liwe jekundu au jeupe. Hutibiwa kwa vidonge vya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki, na kwa kutafutiwa chanzo cha upungufu huo, ambacho katika mikoa yetu mara nyingi kinaweza kuwa malaria au minyoo.

Fedha unazozitupa kwa pitaya zinatosha kukununulia sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, ambao huliwa wazima na kukupa chuma na protini kwa pamoja, tena maharagwe, na sombe (majani ya muhogo) au lengalenga. Ukila mboga hizo, kula pera baada yake. Pera lina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C katika kila gramu 100, ilhali pitaya aghalabu haizidi 20, na vitamini hiyo ndiyo inayousaidia mwili kukifyonza chuma cha maharagwe na majani. Chai nayo, ambayo sisi watu wa Kivu tunaipenda mno, isiambatane na mlo. Ngoja saa moja au mbili, kwa maana huzuia chuma kisifyonzwe. Ningependa muuzaji yule angekuambia kwamba pitaya ni tunda zuri na tamu la kujifurahisha Jumapili. Hilo lingekuwa kweli, na pengine ungelinunua hata hivyo.

Baba yangu ana kisukari. Wengine wanasema pitaya ni dawa, wengine wanasema ni sumu kwake. – Msomaji wa Bukavu

Si dawa wala si sumu. Nyama ya pitaya ina sukari ipatayo gramu 10 katika kila gramu 100, kwa hiyo tunda zima la ukubwa wa kawaida, ganda likishatolewa, laweza kumpa zaidi ya gramu 20. Nusu yake baada ya chakula, bila kuisaga na bila kuongezewa sukari, haitamdhuru mzee ambaye sukari yake imetulia, lakini ya manjano aipunguze zaidi. Kuhusu madai ya uponyaji, uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba pitaya iliteremsha sukari kwa watu waliokuwa bado katika hatari ya kupata kisukari, lakini kwa wale wenye kisukari tayari haikuleta tofauti iliyothibitika. Kwa hiyo Papa asiguse vipimo vya dawa zake kwa sababu ya tunda.

Kiwanja changu kiko Majengo na chini ni jiwe tupu la volkano. Mahindi hayaoti, na maji tunanunua kwa bidoni. Nimesikia pitaya huota juu ya mawe. Je, nijaribu? – Mzee wa Majengo, Goma

Mzee wetu, jaribu, na kwa swali hili nitakaa kidogo, kwa maana ni mara chache jiwe letu linapata mmea unaolipenda. Katika asili yake pitaya hushika magome ya miti na nyufa za miamba kwa mizizi ya hewani, na mizizi yake ya ardhini haiendi chini sana. Mingi hubaki katika sentimita 30 za juu. Adui yake mkubwa ni maji yanayotuama, na juu ya mawe ya Nyiragongo maji hayatuami. Tena ni mmea unaofungua vitundu vyake vya kupumulia usiku badala ya mchana, ndiyo maana hupoteza maji machache. Hata hivyo mvumilivu wa kiu si mpenda kiu: mwezi wa sita hadi wa nane, mvua zinapokatika, kila shina litahitaji kunyweshwa mara moja kwa wiki, na maji ya kuoshea mboga yanafaa.

Anza kwa vipande vya shina, si kwa mbegu. Mbegu huota kwa urahisi, lakini itakubidi ungoje miaka mingi kabla ya tunda la kwanza na usijue litakuwa la namna gani, ilhali kipande kilichokatwa kwenye mmea unaozaa huanza kuzaa katika mwaka wa pili hivi na tunda lake ni lile lile la mama yake. Chukua vipande vyenye urefu wa sentimita 30 hadi 60, viache kivulini kama wiki moja mpaka jeraha likauke, kisha uvipande ardhini bila kuvigeuza kichwa chini. Ziba nyufa za jiwe, au jenga kizingo cha mawe, ukijaze udongo mweusi uliochanganywa na samadi iliyooza na changarawe ya volkano. Samadi mbichi itaozesha shina.

Kabla ya kulipa fedha yako, kikwaruze kipande unachouziwa. Pitaya hutoa ute usio na rangi. Kikitoa maziwa meupe, basi hicho ni mnyaa au ndugu zake, ambao utomvu wao huunguza ngozi na unaweza kuharibu macho, na wasio waaminifu wanajua kwamba machoni mwa mgeni mashina yale yenye pembe tatu yanafanana. Ukileta vipande kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, vipitishe mbele ya huduma ya karantini ya mimea pale mpakani Petite Barrière vikiwa na cheti, kwani ugonjwa mmoja wa mashina ukiingia nasi tutaurithisha wajukuu.

Nguzo ndiyo gharama kubwa. Mmea uliokomaa una uzito unaoweza kupita kilo 100, na mti wa mkaratusi utaoza kabla mmea haujachoka, kwa hiyo ni afadhali nguzo ya saruji yenye kimo cha mtu, ukiivika juu tairi kuukuu la gari ili matawi yapate mahali pa kuning'inia. Panda vipande vitatu au vinne kwa kila nguzo, na kati ya nguzo na nguzo acha mita tatu. Wapo wanaouelekeza mmea kwenye ukuta wa mawe wa kiwanja, nao huushika vizuri, ila ukuta usiojengwa kwa saruji usiutwishe mzigo huo. Miezi ya mwanzo upe mmea kivuli cha majani ya migomba, kwa sababu jua letu la karibu na ikweta huunguza mashina machanga yakawa ya manjano. Na usiutegemee kuzuia wezi; miiba yake ni mifupi mno kwa kazi hiyo.

Kuhusu aina, hapa Goma tuko kwenye mita 1,500 hivi, na usiku wetu ni wa baridi kiasi. Nyeupe na nyekundu zitaota, lakini polepole kuliko katika nchi za joto. Ya manjano yenye miiba ndiyo ninayoiamini zaidi kwa kimo chetu, kwa kuwa nchini Kolombia hulimwa katika miteremko ya milima ya kimo kama hiki. Ubaya wake ni kwamba vipande vyake ni adimu, na kutoka ua hadi tunda huchukua miezi mitatu hadi mitano au zaidi, ilhali nyeupe humaliza katika mwezi mmoja na siku kadhaa. Katika vitabu vya zamani utaona jina la kitaalamu Hylocereus. Tangu mwaka 2017 wataalamu wa mimea wameyahamishia matunda hayo katika jenasi ya Selenicereus, na wauzaji wa miche hutumia majina yote mawili.

Pitaya yangu nyekundu ina miaka mitatu, maua yake ni makubwa kama mkono, lakini yote huanguka bila kuacha tunda. – Papa wa Muhumba, Bukavu

Ua la pitaya hufunguka jua likizama na kunyauka asubuhi inayofuata. Lina usiku mmoja tu. Kwao Amerika linatembelewa na popo wanyonyao nekta na vipepeo wakubwa wa usiku. Popo wale wa Amerika hawapo Afrika, na nyuki wetu hufika alfajiri ua likiwa limeanza kujifunga. Zaidi ya hayo, pitaya nyekundu nyingi hazikubali chavua yao wenyewe: hata nyuki mia wakiingia, kama mmea ni mmoja tu, au ni vipande vya mama mmoja vilivyogawanywa mtaa mzima, tunda halitashika.

Dawa ni kupata mmea wa aina nyingine, na nyeupe ndiyo rafiki mwema kwa kazi hii, kisha uchavushe kwa mkono. Kati ya saa tatu za usiku na mapambazuko, kusanya unga wa manjano wa ua la nyeupe katika kikombe kikavu na uupake kwa brashi laini kwenye ile nyota yenye ncha nyingi inayochomoza katikati ya ua la nyekundu. Upake kwa ukarimu, kwa sababu kadiri mbegu zinavyotungwa nyingi ndivyo tunda linavyokua kubwa. Maua ya aina hizo mbili yasipofunguka usiku ule ule, unga hukaa siku kadhaa kwenye friji ukiwa mkavu. Ua lililoshika hubaki na kitako cha kijani kibichi baada ya siku nne au tano. Lisiloshika hugeuka manjano na kudondoka.

Usishangae pia maua yakija kwa mafungu yasiyo na ratiba. Mmea huu huchochewa kutoa maua na siku ndefu, na ndiyo maana wakulima wa Vietnam huuwashia taa usiku katika miezi ya siku fupi. Sisi siku zetu zinalingana karibu mwaka mzima. Na maua yakiwa mengi kuliko nguvu za mmea, matumba yake huliwa. Huko Guangdong, kusini mwa China, maua ya pitaya hukaushwa na kupikwa katika mchuzi wa nyama, wala sioni kwa nini sufuria ya Bukavu iyakatae.

Ninaoka keki za harusi. Je, pitaya nyekundu yaweza kuchukua nafasi ya rangi ya dukani? – Mwokaji wa Kadutu, Bukavu

Ndani ya keki, hapana. Betalaini huharibiwa na moto, na unga uliouingiza ukiwa wa waridi utatoka katika joko ukiwa wa kahawia iliyofifia. Juu ya keki, ndiyo, mradi usiipike: saga nyama, chuja mbegu kwa kitambaa, ongeza matone machache ya ndimu kwa maana rangi hii hutulia katika uchachu wa wastani, kisha changanya kidogo kidogo na krimu iliyokwisha kupozwa. Ukiitia nyingi krimu italegea. Keki yenyewe ikae mbali na jua mpaka saa ya kukatwa, la sivyo upande uliotazama dirisha utapauka.

Kwa vinywaji ni rahisi zaidi. Pitaya haina uchachu wa kutosha kusimama peke yake katika glasi, lakini ukiisaga na maracuja mbili, au ukiikoroga katika mashanza (maziwa ya mgando) baridi, hupata ladha iliyokosekana na meza hupata rangi. Nyama inayobaki igandishe vipande vipande. Ikiyeyuka haifai tena kuliwa kwa kijiko, ila kwa juisi haipungui kitu.